Kifaa cha AI kufuta faili za seva ya mbali: kazi kinafanya, maelezo ndo hamna kitu

Wakuu, hii ni kwa wale tunaotunza seva za watu huku Nyanda za Juu, najua tupo wengi tu, mtu uko zako Mafiat au Uyole na seva inayokunyima usingizi iko Ujerumani huko. Mimi natunza ya wanunuzi wa parachichi wa Rungwe, kila mzigo ukipimwa stakabadhi inapigwa picha inapandishwa kwenye seva, sasa msimu ukichanganya diski inajaa mpaka mfumo unagoma kupokea. Ndo nikatafuta kifaa cha kumwezesha AI afute zile picha za zamani, kinapita kwenye MCP, ule utaratibu wa kuunganisha AI na vifaa vya nje ambao Anthropic waliutoa Novemba 2024. Ni cha bure na kakitengeneza mtu mmoja kwa kujitolea, kwa hiyo jina naliacha, halafu vinavyofanana nacho viko kibao.

Kukifunga ni rahisi, unakipa anwani ya seva na funguo ya SSH, ile njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, basi, na hata mtandao ukiwa wa kusuasua kinaenda maana kinachosafiri ni maandishi mafupi tu. Hapo sina neno.

Sasa njoo kwenye maelezo. Kifaa kizima kimeelezwa kwa mstari mmoja, kwamba kinafuta faili kwenye seva ya mbali, na kigezo chake ni kimoja, njia ya faili. Kwisha habari. Utasema si inaeleweka? Aisee, AI haiingii kusoma kodi ya ndani, yaani maandishi ya programu yenyewe, inachoona ni jina la kifaa, maelezo yake na vigezo vyake, na hapo hapo ndo inaamua cha kufanya. Ukiandika mstari mmoja ni kama umempa kibarua mgeni panga ukamwambia asafishe shamba halafu ukaondoka, migomba nayo imo humo humo.

Hakijasema kwamba ukifuta hakuna pipa la taka, Linux, mfumo unaoendesha seva, ikifuta hivyo imefuta. Hakijasema njia ianzie kwenye mzizi wa seva au kwenye folda ya mtumiaji. Nyota (*) ya kukusanya faili nyingi kwa mpigo inakubalika au haikubaliki? Kimya.

Kilichoniudhi zaidi ni hiki. Kwenye seva ya majaribio niliiambia AI iondoe folda ya stakabadhi za 2022. Kwa chini kifaa kinatumia SFTP, utaratibu wa kushughulikia faili za mbali kupitia SSH, na SFTP kufuta faili ni amri moja na kufuta folda ni amri nyingine, tena folda lazima iwe tupu. Jibu lililorudi ni neno moja tu, "Failure". Basi AI ikaanza kubahatisha, mara iweke mkwaju (/) mwishoni, mara iutoe, mara iseme labda ni ishu ya ruhusa, mwisho ikaniomba niifungulie kifaa cha kuendesha komando yoyote ili ipige rm -rf, ile ya kufuta folda na vyote vilivyomo bila kuuliza! Sentensi moja tu ya "kwa faili moja moja, folda hapana" ingeizuia kufika huko.

Pale mtengenezaji alipojitahidi kuandika zaidi nako kakosea, eti faili isiyo na ruhusa ya kuandikwa haifutiki. Sio kweli, kwenye Linux kinachoangaliwa ni ruhusa ya folda iliyobeba faili, kwa hiyo wewe unafunga faili zako za mahesabu kwa 444, yaani kusomwa tu, unalala, kumbe ziko wazi.

Na logi je, zile faili ambazo programu inaandikia matukio yake? Faili ikiwa bado imeshikwa na programu inayoendelea kuandika, ukiifuta jina linatoweka ila nafasi hairudi mpaka programu iiachie. AI isiyojua hilo inafuta logi, inaona diski bado imejaa, inaenda kutafuta kingine cha kufuta, yaani hapo ndo pa kuogopa.

MCP ina alama ya destructiveHint ya kuonyesha kifaa kinaharibu au hakiharibu, jamaa hajaijaza, bahati yake ukiiacha wazi inahesabika kuwa kinaharibu. Ila ni dokezo tu, programu unayotumia ndo inaamua ikuulize kwanza au ipite moja kwa moja.

Anayeona nakuza mambo akumbuke GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za programu, 31 Januari 2017 injinia wao alifuta folda ya database kwenye seva ambayo siyo, GB kama 300 zikabaki 4.5, data ya masaa kama 6 ikapotea, bekapu walizotegemea nyingi zikakutwa hazifanyi kazi. Na yule alikuwa mtu mwenye macho yake.

Mimi nimeendelea kukitumia lakini kwa mtumiaji mwenye folda moja tu ya picha, maelezo nimeyaandika upya nikamtumia aliyekitengeneza, kajibu vizuri tu kwamba atayaweka. Kwa kazi nakipa nyota 4, kwa maelezo 1. Kama seva yako haina bekapu uliyowahi kuirudisha ukaona inafunguka, usikiguse kwa sasa.