Uzoefu wangu na WoRMS na OBIS: nguru wangu walitokea Ethiopia

Mimi ni mtu wa Dodoma, samaki niliyekua naye ni perege wa Mtera, bahari nimeiona mara mbili tu. Sasa kuna dada mmoja yuko Tanga kanipa kazi ya kuchapa madaftari ya samaki waliovuliwa, jina, tarehe na mahali, ili yaje yaingie OBIS, ile database ya dunia nzima ya viumbe wa baharini iliyo chini ya UNESCO. Nikasema ah, si Excel tu hiyo.

Tuanze na majina. WoRMS, ile orodha ya dunia ya majina ya kisayansi ya viumbe wa baharini, naipa nyota zote tano, unapakia faili lako yenyewe inalinganisha na orodha yake, kila jina linarudi na namba yake, wanaiita AphiaID, na unaambiwa kama jina bado linatumika au lilishaachwa. Nguru alikuwa kaandikwa Scomberomorus commersoni, ikanirudishia commerson bila i ya mwisho, mimi hiyo i nisingeiona hata kwa tochi. Na ni bure.

Mahali ndo paliponitoa jasho. Daftari linasema digrii 5 dakika 30 kusini, mi nikachapa 5.30, kumbe dakika 30 ni nusu digrii, inatakiwa 5.5, hapo tu ushamhamisha samaki kama kilomita 22. Halafu sikuweka alama ya kutoa, na ukiwa kusini mwa ikweta lazima iwepo, la sivyo namba inasomeka kaskazini. Nafungua ramani nijisifie, nguru wote wako Ethiopia, nchi kavu kabisa, yani wamepanda milimani kunywa kahawa. Nikacheka peke yangu weee, kisha nikakumbuka ni mistari 412 😅 Siku mbili zimeenda hapo, na kosa ni langu, so nyie wekeni data kwenye ramani mtazame kabla hamjatuma.

Kilichonishinda ni samaki anayeitwa changu. Mvuvi kasema changu, daftari limeandika changu, basi, na changu wapo wa aina kibao. Nilitaka kubahatisha mmoja dada akanikatalia, akasema weka Lethrinus tu, jina la jenasi, yaani kundi lao, uishie hapo, ukibahatisha mtu wa mbali ataamini kweli yupo. Nimeweka Lethrinus, na neno changu nimeliacha kwenye safu yake pembeni, yeye atawauliza wavuvi wakirudi pwani.