Mfuko wa jeli ya baridi kwa nundu za watoto: ununue au uache?

Mifuko ya jeli inayouzwa kwenye famasi, Mtwara mjini na kwingineko, ina sifa moja kubwa: hata ikitoka kwenye friza hubaki laini, ikalala vizuri juu ya paji la uso au goti. Nyumba yenye mtoto anayejifunza kutembea, au wakubwa wanaoparamia mikorosho, inauhitaji. Chukua mdogo, saizi ya kiganja cha mtu mzima. Mkubwa humziba mtoto macho, naye atausukuma.

Kasoro yake iko kwenye ubaridi wenyewe. Barafu ya maji inayoyeyuka haishuki chini ya nyuzi 0, lakini jeli ya friza inaweza kutoka na nyuzi 18 chini ya sifuri, na ikigusa ngozi tupu huiunguza kama moto. Kwa hiyo usiuweke kwenye friza kabisa. Chumba cha chini cha friji kinatosha kwa mtoto. Hata hivyo uzungushie kipande cha khanga kilichokunjwa mara mbili.

Mpakate mtoto, uweke bila kukandamiza kwa dakika 10, kisha kagua ngozi. Ikipauka au kufa ganzi, usiurudishe. Ikiwa sawa, rudia baada ya saa 2 au 3, kwa siku 2 za mwanzo. Kukanda kwa maji ya moto, ambako wengi hukimbilia, kusubiri siku hizo zipite: joto hupanua mishipa midogo iliyopasuka, damu ikazidi kuvilia. Tena usiufunge kichwani mtoto akalala nao.

Minya pembe zake kila mara kabla ya kuutumia. Ukivuja, tupa; watoto huutafuna, na jeli si ya kumeza.

Mfuko hushughulikia uvimbe wa nje tu. Aliyeanguka kichwa akizimia, akitapika zaidi ya mara moja, akipata degedege, akitoka majimaji puani au masikioni, au akilala asiamshike, apelekwe hospitali mara moja: Ligula kwa walio Mtwara, Sokoine kwa walio Lindi. Mtoto wa chini ya mwaka 1 akaguliwe hata akionekana mzima.

Kama hakuna friji, pesa hiyo iache. Kitambaa safi kilichochovywa maji ya mtungini, kikibadilishwa kila kinapopata joto, hutuliza maumivu, ingawa nundu itachelewa kidogo kunywea.