Shafti tatu kwenye kitako kimoja: uzoefu wangu wa kuchagua sehemu ya mbele ya fimbo ya pool

Nilipoamua kubadilisha sehemu ya mbele ya fimbo yangu, yaani shafti, nilijaribu tatu kwenye kitako kile kile (sehemu ya nyuma ya fimbo) na meza ile ile: ya kwanza ya mti wa mepo mtupu, yenye ncha ya milimita 13, ya pili ya vipande vya mepo vilivyounganishwa kwa gundi, iliyotobolewa ndani upande wa mbele, yenye milimita 12.5, na ya tatu ya nyuzi za kaboni, yenye milimita 12.4. Zote zilikuwa na ngozi ya nchani, ile inayougusa mpira, ya ugumu wa wastani, maana ngozi peke yake hubadilisha sauti na hisia kiasi cha kumfanya mtu aisifu shafti kwa sifa isiyo yake. Mnunuzi ahakikishe pia uzi wa kiungo, kwa sababu shafti iliyochongwa kwa skrubu ya 3/8×10 haifungi kwenye kitako chenye skrubu ya 5/16×14, hata iwe nzuri namna gani.

Tofauti kubwa ilijitokeza nilipoupiga mpira mweupe pembeni. Ukiupiga kushoto kwa kitovu chake, haufuati mstari wa fimbo bali husukumwa kidogo kuelekea kulia, na kiasi cha kusukumwa huko hutegemea hasa uzito wa sentimita 15 hadi 20 zilizo karibu na ncha. Ngozi na mpira hugusana kwa takriban milisekunde moja tu, muda ambao mtikisiko haujapata nafasi ya kusafiri mbali kuelekea nyuma, na ndiyo sababu watengenezaji hutoboa mbao kwa ndani na kuifanya feruli, yaani kipande kigumu kinachoivika ncha chini ya ngozi, iwe fupi na nyepesi. Niliweka mpira wa rangi mwisho wa meza, nikaulenga katikati, kisha nikapiga kwa nguvu nikiuzungusha mpira mweupe kushoto. Kwa mepo mtupu, mpira mweupe uliufikia ule wa rangi upande wa kulia na kuutupa kwenye ukingo wa kushoto. Kwa kaboni uligonga karibu katikati kabisa. Na shafti ya vipande ilikaribia sana kaboni. Hata hivyo, hakuna iliyoondoa msukumo huo kabisa, na kwa mapigo ya polepole mpira hujikunja kurudi kwenye mstari, kwa hiyo mchezaji bado anatakiwa kurekebisha shabaha. Wala hakuna iliyonipa mzunguko mkali kuliko nyingine nilipogusa mpira mahali pale pale, ingawa matangazo husisitiza jambo hilo mno.

Kaboni haipindi kwa unyevu, husafishwa kwa kitambaa tu, na huteleza vidoleni hata mkono ukiwa na jasho, ilhali mbao hunata na huhitaji kusuguliwa mara kwa mara. Kwa matunzo, basi, kaboni inashinda waziwazi. Lakini kwangu sauti yake ilikuwa kavu na fupi mno, na katika mapigo laini ya kuusogeza mpira mweupe kidogo tu nilipata shida kutambua kama nimeugusa sawasawa. Mbao hutetemeka hadi kwenye kiganja. Mtetemo huo hufika baada ya mpira kuondoka, kwa hiyo haubadilishi pigo lililokwisha, ila mimi huutegemea ili kupima nguvu ya pigo linalofuata.

Nimebaki na ile ya vipande. Mchezaji aliyezoea kwa muda mrefu kufidia msukumo wa mepo mtupu, na anayetumbukiza mipira bila wasiwasi, sioni sababu ya kumhimiza abadilishe, kwani atalazimika kujifunza shabaha upya. Ninachokilinda zaidi kwenye yangu ni feruli, ambayo ni nyembamba, na kila ngozi inapobadilishwa ninamwomba fundi aikwangue gundi ya zamani taratibu, bila kuipunguza feruli yenyewe.