Nina, Sound, Catalog na Royal: ukinunua ngoma kama tokeni unapata nini hasa

Wadau wa muziki, nimetumia haya majukwaa ya kuuza ngoma kama tokeni (cheti cha kidijitali cha umiliki kinachorekodiwa kwenye blockchain) kwa muda sasa, ngoma nimenunua kwa hela yangu mwenyewe, na naona huku kwetu watu wanayaongelea kama kitu kimoja wakati ni vitu tofauti kabisa, kuna sehemu unanunua nakala ya wimbo na kuna sehemu unanunua mgao wa mirabaha, ukichanganya hivyo viwili utalia. Mimi nayapima kwa maswali mawili tu. Hela inaenda kwa nani, na faili la wimbo linakaa wapi.

Naanza na Nina maana ndo naipenda kuliko zote. Iko kwenye mtandao wa blockchain wa Solana tangu 2021, msanii anapandisha ngoma yake, anapanga bei mwenyewe, anaamua nakala ziwe na kikomo au zisiwe nacho, na hela ya mauzo inaenda kwake 100%. Wewe unasikiliza wimbo mzima bure, ukikukolea ndo unanunua, yaani ununuzi ni wa mtu anayetaka kumuunga mkono msanii, hakuna kubanwa. Na faili linahifadhiwa Arweave, hifadhi ambayo unalipia mara moja na imetengenezwa ili data ikae miaka na miaka bila kutegemea kampuni moja iendelee kuwepo.

Hapo kwenye hifadhi watu wanapapuuza sana aisee. Kumbukeni Coachella, tamasha kubwa la muziki la Marekani, mwezi wa pili 2022 waliuza pasi za maisha za tamasha lao kama tokeni kupitia soko la sarafu za kidijitali la FTX, ilipofika Novemba FTX ikafilisika na walionunua wakabaki wanahangaika hawawezi kuzifikia. Tokeni zingine nyingi zilizotengenezwa palepale zikapoteza hadi picha zake kwa sababu picha zilikuwa zinavutwa kwenye sava za FTX, sava zikizimwa unabaki na namba tu kwenye waleti (pochi ya kidijitali ya kutunzia tokeni). Hata mimi kuna jukwaa moja dogo nilinunua ngoma, sasa hivi ukurasa wake haufunguki, tokeni naiona lakini wimbo hauchezi popote. Ndo maana kabla sijalipa naangalia kwanza faili liko wapi, nikikuta liko kwenye sava ya wenye jukwaa peke yake naacha.

Sound ndo waliofanya watu wengi waone hii kitu inawezekana. Walianza mwishoni mwa 2021 kwenye Ethereum, mtandao mwingine kama Solana ambao sarafu yake ni ETH, ngoma za mwanzo zilikuwa nakala 25 kwa 0.1 ETH kila moja, hiyo ni 2.5 ETH kwa wimbo mmoja, na kipindi kile ETH moja ilikuwa inacheza kwenye dola 4,000 hivi, kwa hiyo msanii ambaye hana hata lebo anaondoka na kama dola 10,000 usiku mmoja. Piga hesabu hiyo hela angeipata kwa stream ngapi. Kitu nilichokipenda zaidi pale ni komenti, ukinunua nakala ulikuwa unaandika ujumbe wako kwenye sekunde yoyote ya wimbo, kila anayesikiliza anauona, na ukiuza tokeni nafasi ya komenti inahamia kwa mnunuzi mpya. Ilikuwa raha sana kusoma watu wanavyoshangilia besi inapoingia. Shida ya zama zile ilikuwa gesi ya Ethereum, yaani ada ya muamala, ungeweza kukuta iko juu sana, baadaye wakahamia mitandao ya bei rahisi. Timu hiyohiyo ikaja na Vault, jukwaa la kujiunga kwa malipo ya kila mwezi, ambako mwanamuziki wa Uingereza James Blake aliingia 2024 akawa anawapa mashabiki nyimbo ambazo hajazitoa kwa dola 5 kwa mwezi.

Catalog ilijulikana kwa nakala moja tu kwa kila wimbo, ni ya wakusanyaji wenye hela nzito, sauti safi na muonekano mzuri, ila kwa mfuko wangu huwa naingia kusikiliza tu.

Royal sasa, hapa tulieni. Mmoja wa walioianzisha ni DJ wa Marekani 3LAU, na pale hununui wimbo, unanunua asilimia ya mirabaha ya stream. Rapa wa Marekani Nas aliuza mgao wa nyimbo zake mbili hapo Januari 2022 watu wakachangamka kweli. Lakini chukua mfano wa wimbo wa 3LAU mwenyewe, aligawa 50% ya mirabaha ya stream kwa tokeni 333, kila tokeni ni kama 0.15%. Tuseme stream milioni moja zinaleta dola 4,000, wewe unapata dola 6. Sita jamani! Kama unampenda msanii nunua kwa moyo mmoja, ila anayekwambia weka akiba yako humo huyo hakutakii mema.

Na msidhani msanii atakula kila tokeni inapouzwa tena. OpenSea, soko kubwa la kuuza na kununua tokeni, walifanya mrabaha wa msanii kwenye mauzo ya pili uwe hiari tangu 2023, ahadi ya "utalipwa milele" ikaishia hapo, kwa hiyo kama lengo ni kumsaidia msanii nunua moja kwa moja kwake, achana na ya mkono wa pili.

Huduma kwa mtu wa Bongo bado ni ngumu, mara nyingi unahitaji USDC (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola), waleti, mtandao sahihi, halafu Benki Kuu ilishatoa tahadhari tangu 2019 kwamba hizi sarafu haizitambui na 2024 ikaja kodi ya zuio 3% kwenye mali za kidijitali. Jukwaa la Nina nalipa nyota nne, siku watakayoweka malipo ya M-Pesa naongeza ya tano hapohapo.