Mswala wa kale wa hariri wa Kashan: anza na mgongo

Mswala huu niliuziwa kama kazi ya mji wa Kashan, Iran: "Kashan, hariri tupu, mwanzo wa karne ya 20", sm 204 kwa 130, mihrabu katikati na taraza pembeni. Maelezo hayo ni ya kweli, isipokuwa ncha moja iliyofichwa ubovu wake.

Mgongo ndio shahidi. Nimehesabu mafundo 8 kwa 8 katika sentimita ya mraba, yaani kama 640,000 kwa mita ya mraba. Fundo ni la Kiajemi: uzi unazunguka mtande mmoja (uzi wa urefu ambao zulia hufumiwa juu yake) na kupita nyuma tu ya wa jirani. Wafumaji wa Tabriz, mji mwingine wa Iran, hufunga mitande yote miwili. Ukiambiwa ni hariri ya mji wa Qom, pia Iran, ya miaka ya 1800, achana nayo. Karakana za Qom zilianza miaka ya 1930.

Wengi huchoma uzi wa matamvua wakadhani wamepima zulia. Matamvua halisi ni ncha za mtande, hayasemi lolote kuhusu manyoya, yaani nyuzi za mafundo zinazofanya uso wa zulia. Nilichomoa nyuzi chache za manyoya: zilinuka nywele zilizoungua, majivu yakapondeka vidoleni. Viskosi, hariri bandia, ingenuka karatasi.

Uwanja mwekundu una mikanda ya kukoza na kufifia inayokatiza upana. Hiyo si kasoro, ni fungu la uzi lililokwisha na jipya likakoza tofauti. Rangi yenyewe ni nzuri ajabu. Ukisimama upande wa pili, inageuka kutoka divai hadi waridi, kwa kuwa manyoya yamelalia upande mmoja. Kinachoharibu ni nyeusi ya zamani iliyotiwa chuma. Chuma hula hariri, na mistari myeusi hapa imebonyea chini ya majirani zake.

Sasa ile ncha. Sentimita 3 za taraza zimekatwa na matamvua mapya yakashonewa. Mshono unaonekana mgongoni. Palipochakaa pamepakwa wino: kitambaa cheupe chenye unyevu, kikikandamizwa dakika moja, kilitoka na rangi hapo tu. Muuzaji hakutaja, na bei ilikuwa ya zulia zima. Fanyeni jaribio hili kabla ya kulipa.

Usiukunje, mtande mkavu hukatika kwenye kunjo. Uviringishe kwenye bomba pana, manyoya yakiwa nje, kufuata yanakolala. Vumbi livutwe kwa mashine isiyo na brashi inayozunguka. Kuosha kwa maji nyumbani, hapana kabisa: hariri ikilowa hupungua nguvu, na nyekundu huweza kuchuja hadi kwenye nyeupe.