Mtambo wa kunusa hewa au daktari aliye macho?

Magaidi wakisambaza vimelea vya ugonjwa, nani atagundua mapema? Njia ya kwanza ni mtambo: mwaka 2003 Marekani ilianza kuweka mitambo ya BioWatch mijini. Inavuta hewa, chujio linatolewa na kupelekwa maabara kusakwa vimelea hatari. Wazo zuri, ila majibu huchukua saa 12 hadi 36, na mara kadhaa tahadhari imetokana na bakteria wa kawaida wa kwenye mazingira. Halafu barua yenye vimelea ikifunguliwa ofisini, mtambo wa barabarani utajuaje?

Njia ya pili ni ya kizamani: daktari aliye macho. Oktoba 2001, Florida, Robert Stevens alifikishwa hospitali akiwa na homa, amechanganyikiwa. Daktari Larry Bush alipoona kwenye hadubini bakteria wenye umbo la vijiti katika maji ya uti wa mgongo, alishuku kimeta (anthrax). Maabara ya jimbo ikathibitisha. Stevens alifariki tarehe 5, lakini nchi ilikwishashtuka. Katika mashambulizi yale ya barua zenye vimelea vya kimeta, waliugua watu 22, wakafa 5.

Kasoro yake iko wazi: lazima mtu augue kwanza. Hata hivyo, fedha zikitosha njia moja tu, mimi nazipeleka kwa madaktari na maabara. Hao hata mwaka usio na gaidi wana kazi. Kipindupindu kikizuka, ndio watakaokitambua.