Taa za Kobe wa Ndani: Nunua Holda Kwanza, Balbu Baadaye

Harufu ndiyo iliyonitoa usingizini, Jumapili mchana. Nilidhani jirani wa chini ameunguza sufuria ya maharage, kumbe moshi ni wa sebuleni kwangu. Holda ya plastiki iliyoshika taa ya Shangazi ilikuwa imelegea kama mshumaa, balbu inaning'inia kwa nyaya mbili, kiganja kimoja tu juu ya maji. Shangazi mwenyewe, kobe wa maji mwenye michirizi myekundu nyuma ya macho, alikuwa ameshazama chini ya tangi, kichwa ndani ya gamba. Alinizidi akili, maana mimi ndiye niliyelipa shilingi 85,000 kwa kitu kile.

Tangu nisimulie mkasa huo nimepokea maswali mengi. Wanauliza wati ngapi, UVB (ile miale ya jua isiyoonekana) asilimia ngapi, kama taa ya bluu ya usiku inafaa (haifai, mwacheni alale gizani). Hakuna hata mmoja aliyeniuliza balbu itashikwa na nini. Basi leo naanzia hapo, na mtanivumilia.

Nyumba nyingi za Kampala zimefungwa holda za pini mbili, zile za kusukuma na kuzungusha kidogo, tulizorithi kwa Waingereza. Zinaitwa B22. Taa za kobe, ziwe zimetoka Marekani, Ulaya au China, karibu zote ni za skrubu, E27. Namba hizo ni kipenyo kwa milimita: nyumba inatoa 22, taa inadai 27. Muuzaji hataki kupoteza mteja, kwa hiyo anafungua droo na kukutolea adapta ya plastiki ya shilingi 3,000. "Nnyabo, hii inashika vizuri tu." Inashika kweli, kwa wiki tatu.

Taa ya kobe huangalia chini, na joto hupanda juu. Kwa hiyo balbu ya wati 75 au 100 inachoma mgongo wake yenyewe saa 12 kwa siku, na mgongo huo ndio holda. Nyingi za plastiki zimeandikwa shingoni mwisho wati 60, tena kwa herufi ndogo kuliko za gazeti. Ndani ya kofia ya bati inayofunika taa, lile joto halina hata pa kutokea. Plastiki inakauka, inapasuka, inalegea, halafu siku moja kioo cha moto kinaangukia maji yenye kobe ndani na umeme wa volti 240.

Unachotaka ni holda ya kauri, ile nyeupe nzito, ya skrubu moja kwa moja, bila adapta katikati. Usihangaike kuitafuta kwenye maduka ya wanyama wa mapambo. Nenda kwa wauza vifaa vya kuku, Container Village kwa mfano, uulize holda ya taa ya vifaranga. Wafugaji wa kuku walishatatua tatizo hili zamani, hawakungoja sisi wenye kobe mmoja sebuleni. Yangu nilinunua shilingi 12,000, na fundi akaniwekea waya unaostahimili joto. Kisha ining'inize kwa mnyororo. Kile kibanio cha springi kinachouzwa pamoja na kofia ya taa sikiamini hata kwa taa ya kusomea. Na waya upite chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji likiteleza lidondoke sakafuni.

Sasa taa zenyewe. Mwenye kobe anajua kwamba bila UVB ngozi haitengenezi vitamini D3, kalsiamu haikai, gamba linalainika, kwa hiyo sitarudia somo. Na jiwe la kuotea jua liwe na nyuzijoto 32 hadi 35. Kipimajoto kiweke juu ya jiwe lenyewe, usikibandike kwenye kioo cha pembeni.

Namba moja kwangu ni Arcadia ya Uingereza, ile taa ndefu ya T5, yaani tyubu nyembamba, ya wati 24, UVB asilimia 12, inayokuja na fremu yake. Nakiri upendeleo na sioni aibu. Sababu yangu kubwa ni hiyohiyo ya holda: tyubu haiingii kwenye holda ya nyumba hata kidogo. Inakaa kwenye fremu yake, miisho imefunikwa kuzuia unyevu, na haichemki kama balbu. Ina kirudisha mwanga mgongoni, na miale inaenea tangini kwa urefu wa zaidi ya nusu mita, siyo duara dogo ambalo Shangazi analiacha akigeuka tu. Mimi nimeitundika sentimita 35 juu ya gamba lake, bila wavu wala kioo katikati. Wavu unakula sehemu kubwa ya miale na kioo cha kawaida kinaizuia karibu yote, kwa hiyo ukiweka taa juu ya mfuniko wa kioo umenunua mapambo. Fuata jedwali la boksi kwa umbali, na badilisha tyubu kila mwaka hata kama bado inang'aa. Macho yetu hayaoni UVB ikiisha.

Tyubu haitoi joto la kutosha, hivyo pembeni yake weka balbu ya kawaida ya halojeni, wati 50 au 75, kwenye ile holda ya kauri. Siyo LED, ambayo inamulika tu. Wala siyo ile nyekundu ya vifaranga ya wati 250, utampika. Holda ya kuku ndiyo, balbu ya kuku hapana.

Namba mbili ni Zoo Med ya California, tyubu yao ya ReptiSun T5. Tyubu haina ubaya wowote. Ubaya uko kwenye fremu: ndugu aliyeko Marekani anakununulia seti nzima kwa upendo, inafika na plagi ya pini bapa ya volti 120, unaitafutia adapta, unaichomeka, na balasti, kile kifaa cha kuwashia tyubu, inakufa hapohapo. Mwambie alete tyubu peke yake. Ile ya wati 24 ina urefu uleule na inaingia kwenye fremu ya Arcadia bila ugomvi. Shangazi wangu wa kweli, dada yake baba, alinibebea mbili ndani ya soksi za sufu na zikafika nzima.

Namba tatu ni balbu ya mvuke wa zebaki, inayotoa joto na UVB kwa pamoja. Ulaya na Marekani wapo wanaoipenda. Kwetu ina kasoro mbili. Ya kwanza mmeshaijua, maana hii ni ya wati 80, 100 au hata 160, na bila kauri usiiguse. Ya pili ni kwamba umeme ukikonyeza, inazimika na haiwaki tena mpaka ipoe, dakika kadhaa. Mtaani kwangu umeme ukiamua kukonyeza unakonyeza mara sita kabla ya chakula cha mchana, na kila kuwashwa upya kunaifupishia maisha. Ikibidi uitumie, ipitishie kwenye kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri kidogo kabla ya kurudisha moto. Na usiifunge na kipunguza mwanga, hii haipunguzwi.

Namba nne, balbu ndogo za UVB za kusokotwa. Zinamulika eneo la sahani moja. Kwa kobe mchanga kwenye beseni, sawa.

Za "mbili kwa moja" za bei ya chini, zenye waya wa kuwaka ndani na maandishi ya UVA na UVB: ni balbu za joto, basi. Waya unaowaka hautoi UVB ya maana, hata boksi lichorwe kobe anayecheka.

Kuhusu gharama ya umeme, chukua uniti moja kwa shilingi 800 ili hesabu iwe nyepesi. Tyubu ya wati 24 na halojeni ya 75, saa 12 kwa siku, zinakula kama uniti 36 kwa mwezi, yaani karibu shilingi 28,500 za tokeni za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Weka taima, saa moja asubuhi hadi saa moja jioni. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni huohuo mwaka mzima, hakuna kupanga majira.

Mtasema Kampala ina jua, taa za nini? Ni kweli, na mwenye kiwanja asinunue chochote isipokuwa beseni pana, sehemu ya kivuli na kifuniko cha wavu kwa ajili ya kunguru. Mimi naishi ghorofa ya tatu Ntinda, na dirisha langu ni la kioo, na kioo mmeshajua kinafanya nini. Jumamosi namshusha uani dakika 20. Msimshushe na tangi lake la kioo, litamchemsha kabla hamjamaliza kusalimiana na mlinzi. Na wanaoniandikia kwamba wameokota kobe ziwani wanamtafutia taa: kobe wa porini wa Uganda analindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2019. Ulizeni Uganda Wildlife Authority kabla ya kuuliza wati.

Linaloniuma bado ni bei. Seti yangu ya Arcadia ilinigharimu shilingi 460,000 mpaka mlangoni, na katika hizo karibu nusu ni usafiri, ushuru na mtu wa katikati aliyeniambia "mzigo umekwama" mara tatu, kila kukwama kuna malipo yake ya Mobile Money. Wakati huohuo boksi la mbili kwa moja limejaa rafuni, lenye rangi nzuri, na anayeliuza hajawahi kumwona kobe akiota jua.

Wiki iliyopita yule muuzaji wangu wa kwanza alinipigia. "Nnyabo, zimeingia mpya, kali kuliko zile." Nikamuuliza kama ana holda za kauri.

"Za nini?" akasema.